Mfungwa wa Kilimambogo: Maisha ya Amedeo, Duke wa Aosta

Barabara itokayo Thika kuelekea Garissa hupita ubavuni mwa Kilimambogo, ikakata tambarare za Yatta hadi Matuu, kisha ikafika Kithyoko, soko la Machakos, kabla ya kuendelea Mwingi na hatimaye Mto Tana. Leo barabara hiyo ina lami, na wasafiri wengi huipita bila kuwaza vita. Hata hivyo, mwishoni mwa mwaka 1940 na mwanzoni mwa mwaka 1941, njia ya Thika hadi Garissa ilikuwa mojawapo ya njia kuu za majeshi ya Uingereza yaliyojiandaa kuivamia Somalia ya Kiitaliano. Malori ya askari wa KAR, ya Waafrika Kusini na ya vikosi vilivyoletwa kutoka Gold Coast, nchi iitwayo Ghana siku hizi, yaliteremka kuelekea Garissa na Bura. Ng'ambo ya mpaka, aliyewasubiri akiwa amiri jeshi wa majeshi yote ya Italia katika Afrika ya Mashariki alikuwa rubani mrefu wa ukoo wa kifalme, Amedeo wa Savoia, Duke wa Aosta. Haikupita miezi mingi kabla ya yeye naye kuletwa kwenye upande wa pili wa barabara hiyohiyo, chini ya Kilimambogo, akiwa mfungwa. Hakutoka tena Kenya.

Nchini Kenya, Duke huyu hujulikana zaidi na watu waliowahi kulizuru kanisa la ukumbusho la Waitalia lililoko Mathari, Nyeri. Wanaomtaja humtaja kwa neno moja: muungwana. Hata waliopigana naye walimwita hivyo. Neno hilo halina budi kuchunguzwa kwa makini, maana katika Kiswahili lina historia inayolingana ajabu na maisha ya mtu huyu. Kabla ya kuwa sifa ya mwenye adabu, muungwana alikuwa mtu huru, asiye mtumwa, mwenye nasaba na haki ambazo wengine hawakuwa nazo. Adabu na daraja vilikuwa ndani ya neno moja. Ndivyo ilivyokuwa kwa Amedeo: uungwana wake haukuwa wa kuigiza, lakini ulikuwa na mipaka, na mipaka hiyo ilijulikana vizuri zaidi na watu waliokuwa chini ya ndege zake kuliko waliokaa naye mezani.

Amedeo alizaliwa Turin tarehe 21 Oktoba 1898. Babake, Emanuele Filiberto, alikuwa binamu wa Mfalme Vittorio Emanuele wa Tatu, na babu yake, ambaye pia aliitwa Amedeo, aliwahi kuwa mfalme wa Uhispania kwa muda mfupi kabla ya kukiacha kiti mwaka 1873. Mamake, Hélène, alitoka katika ukoo wa kifalme wa Ufaransa na alisafiri sana barani Afrika. Kijana huyo alipata sehemu ya masomo yake Uingereza, jambo lililompa Kiingereza safi na mienendo ambayo baadaye iliwafanya maafisa wa Kiingereza wamwone kama mmoja wao. Alirefuka mpaka akakaribia mita mbili. Italia ilipoingia katika Vita Vikuu vya Kwanza mwaka 1915, alijiunga na kikosi cha mizinga akiwa na umri wa miaka 16, akaanzia cheo cha chini ilhali babake aliongoza jeshi zima katika mstari huohuo wa vita.

Vita vilipokwisha, Afrika ilimvuta. Ami yake, Luigi Amedeo, Duke wa Abruzzi, alikuwa msafiri na mpanda milima mashuhuri ambaye mwaka 1906 aliongoza msafara wa kwanza kukifikia kilele cha Ruwenzori, akakipa jina la Margherita, jina lililobaki hadi leo kwenye mpaka wa Uganda na Kongo. Luigi alianzisha mashamba makubwa kando ya Mto Shabelle nchini Somalia, na Amedeo alikwenda naye huko. Kisha, mwaka 1921, alifanya jambo ambalo halikutarajiwa na jamii yake. Aliondoka Italia, akaenda Kongo ya Wabelgiji kwa jina lisilomtambulisha, akaajiriwa katika kiwanda cha sabuni mjini Stanleyville, Kisangani ya leo.

Msomaji wa Kiswahili hawezi kulisikia jina la Stanleyville bila kumkumbuka Hamed bin Muhammed el-Murjebi, Tippu Tip, aliyeteuliwa kuwa gavana wa eneo hilo la maporomoko mwaka 1887, na ambaye wasifu wake ni miongoni mwa kazi za mwanzo za nathari ya Kiswahili. Misafara yake ndiyo iliyoisukuma lugha hii hadi kwenye kingo hizo za Mto Kongo. Mwana huyo wa ukoo wa kifalme basi alifanya kazi ya mshahara katika mji ambamo Kiswahili kilisikika sokoni. Waandishi wa Kiitalia hupenda kukitumia kisa hiki kama ushahidi wa unyenyekevu wake, na pengine wana haki. Lakini ikumbukwe pia kwamba mtu aliyeweza kuifanya kazi ile na kuiacha siku aliyotaka hakuwa na hali sawa na vibarua wa Kongo waliopasua ngazi za mawese ili kiwanda kipate mafuta.

Aliporejea nyumbani alisomea sheria, akahitimu katika Chuo Kikuu cha Palermo mwaka 1924. Tasnifu yake ilihusu uhusiano wa kisheria baina ya dola za kisasa na wenyeji wa makoloni. Hoja aliyoishikilia ni kwamba kuwatawala watu wengine kunaweza kuhalalishwa tu ikiwa utawala huo unaboresha maisha ya wanaotawaliwa. Kwa zama zake, na hasa kwa Italia iliyokuwa tayari imeangukia mikononi mwa Mussolini, hiyo haikuwa kauli ya kawaida. Ni vyema hoja hiyo iwekwe akilini, kwa sababu miaka kumi na mitatu baadaye mwandishi wake alipata nafasi ya kuitenda.

Miaka iliyofuata ilikuwa ya askari. Alitumika Libya pamoja na vikosi vya wapanda ngamia wa jangwani, katika kipindi ambacho Italia iliwakandamiza Walibya kwa ukatili mkubwa. Mwaka 1927 alimwoa Anne wa Orléans, nao wakajaliwa mabinti wawili, Margherita na Maria Cristina. Babake alifariki mwaka 1931 na yeye akarithi cheo cha Duke wa Aosta. Zaidi ya yote, alipenda kuruka. Alikwisha kupata leseni ya urubani miaka ya 1920, na mwaka 1932 aliacha jeshi la nchi kavu akahamia jeshi la anga, akaongoza kikosi maarufu cha ndege za kivita kilichokuwa Gorizia, huku familia ikiishi katika kasri la Miramare karibu na Trieste. Alipanda cheo hadi kuwa jenerali wa anga. Mwishoni mwa mwaka 1937 Mussolini alimteua kuwa Makamu wa Mfalme katika Afrika ya Mashariki ya Kiitaliano, yaani Ethiopia, Eritrea na Somalia zilizounganishwa chini ya utawala mmoja.

Aliyemtangulia alikuwa Rodolfo Graziani. Mnamo Februari 1937, baada ya Graziani kujeruhiwa kwa guruneti mjini Addis Ababa, Waitalia waliwaua maelfu ya wakazi wa mji huo kwa muda wa siku tatu, na mauaji yakaendelea mikoani kwa miezi kadhaa. Uteuzi wa Amedeo ulikusudiwa kuubadilisha uso wa utawala. Kwa kiasi fulani uso ulibadilika kweli. Baadhi ya wafungwa waliachiliwa, machifu na makasisi wakatafutwa kwa mazungumzo, barabara zikajengwa, na mauaji ya kiholela ya mwaka 1937 yakapungua. Kulikuwa hata na mazungumzo na Abebe Aregai, kiongozi wa wapiganaji wa Shewa, ingawa hayakuzaa matunda.

Lakini sheria za ubaguzi wa rangi zilizopigwa mwaka 1937 na kukazwa miaka iliyofuata zilibaki na kutumika, na vita vya kuwakandamiza wazalendo havikukoma. Mnamo Aprili 1939, huko Zeret kaskazini mwa Shewa, majeshi ya Kiitaliano yalilizingira pango walimokuwa wamejificha wapiganaji pamoja na wake, watoto na wazee wao. Gesi ya sumu ilitumiwa dhidi ya waliokuwa ndani. Wanaume wengi waliotoka walipigwa risasi. Waliokufa walikuwa mamia. Kisa hicho kilizama katika hifadhi za nyaraka hadi mwanahistoria Mwitalia, Matteo Dominioni, alipokifufua na kulifikia pango lenyewe mwaka 2006, akakuta mabaki ya watu.

Haidaiwi hapa kwamba Duke aliandika kwa mkono wake amri ya kutumia gesi Zeret. Jambo la msingi ni kwamba mwaka 1939 hakukuwa na mamlaka makubwa kuliko yake katika koloni lile, na kwamba wasimulizi wengi wa wema wake huruka kutoka uteuzi wa 1937 hadi vita vya 1940 kana kwamba katikati hapakuwa na kitu. Wasifu wowote usiotaja Zeret haujakamilika, hata ukiwa na mambo mengi ya kweli. Ile tasnifu ya Palermo ilipata jibu lake katika pango lile.

Vita Vikuu vya Pili vilimkuta katika hali ngumu. Mapema mwaka 1940 alisafiri hadi Roma akaieleza serikali wazi kwamba koloni lake halikuwa tayari. Kushambulia kusingewezekana, na hata kujihami kungekuwa jambo la mashaka. Hakusikilizwa. Tarehe 10 Juni 1940 Italia ilitangaza vita, na kuanzia saa hiyo Mfereji wa Suez ukawa umefungwa kwake. Alikuwa na majeshi yapatayo 290,000, wengi wao askari wenyeji kutoka Eritrea, Somalia na Ethiopia, dhidi ya kikosi kidogo sana cha Waingereza nchini Kenya. Hesabu hiyo iliwatisha watu wa Nairobi. Aliyekuwa na jeshi kubwa alijua kwamba petroli, mipira ya magari na vipuri vilikuwa vya kuhesabika, na kwamba kilichotumika hakingerudishiwa.

Hali hiyo ilionekana wazi zaidi katika ndege za mabomu, na hapa inafaa kutua kidogo, kwa kuwa ndizo zilizoifikisha vita ya Duke kwenye ardhi ya Kenya. Nyingi zilikuwa za aina ya Caproni 133 na Savoia-Marchetti 81, zote zenye injini tatu na zote zikiwa zimepitwa na wakati. Caproni 133 ilibuniwa kwa ajili ya makoloni. Ilibeba mabomu asubuhi, chakula na risasi mchana, na majeruhi jioni. Waitalia wenyewe waliitania kwa kuiita Ng'ombe, na jina hilo liliifaa kwa mwendo na kwa subira. Ndani ya ndege kubwa ya aina ya Savoia walikaa marubani wawili, fundi wa injini, mtu wa redio na mpiga bunduki, kila mmoja akitegemea kazi ya mwenzake kwa saa nyingi juu ya jangwa ambako kutua kwa dharura kulimaanisha kiu. Hakukuwa na mafundi wa kutosha wala injini za akiba. Ndege moja ilikatwakatwa ili nyingine iruke. Msaada kutoka nyumbani ulikuja kwa anga tu, kupitia Libya na juu ya majangwa ya Sudan. Ndege za Savoia 82, kubwa kuliko zote, zilibeba tumboni mwao ndege ndogo za kivita zilizofunguliwa vipandevipande ili ziungwe upya zikishafika.

Kwa upande wa Kenya hali ilichekesha kwa namna yake. Ndege za kwanza za mabomu zilizotumiwa na Jeshi la Anga la Afrika Kusini kutoka nchini Kenya zilikuwa Junkers 86, ndege zilizotengenezwa Ujerumani, ambazo kabla ya vita zilibeba abiria wa shirika la ndege la Afrika Kusini. Siku moja baada ya vita kutangazwa tayari zilikuwa zinashambulia kambi za Waitalia karibu na Moyale. Waitalia nao walijibu kwa kuishambulia Wajir, ambako mabomu yalichoma shehena ya petroli ya ndege na kuwaua askari wa KAR. Mji wa Malindi, uliokuwa mbali na mstari wa mapigano, ulidondoshewa mabomu mwezi Oktoba. Wapiganapo fahali wawili, nyika ndizo ziumiazo, na nyika za Wajir, Garissa na Moyale ziliumia ingawa wafugaji wa huko hawakuwa na ugomvi na Roma wala London.

Askari waliokaa kwenye mahandaki wakizisikiliza injini hizo tatutatu zikikaribia walitoka sehemu nyingi, na Ukambani ilikuwa miongoni mwa sehemu zilizotoa wengi kuliko nyingine. Jambo hilo lina kinaya chake. Mwaka 1938, miaka miwili tu kabla, Wakamba wa Machakos walikuwa wameandamana kwa maelfu hadi Nairobi, wakiongozwa na Muindi Mbingu, kupinga serikali ya kikoloni kuwanyang'anya mifugo. Muindi alihamishiwa Lamu kwa nguvu. Serikali iliyowachukulia ng'ombe ikawaomba vijana, na vijana wakaenda. Vita hivyo vilikikuza pia Kiswahili cha kambini, kile cha KAR, ambacho wasanifishaji wa lugha walikidharau lakini ambacho kiliwaunganisha Mkamba, Mnandi, Mnyamwezi na Macholi katika handaki moja. Maneno kama kifaru, kwa maana ya gari la deraya, yalipata makao imara katika lugha kwa njia hiyo.

Mwanzoni Duke alipata ushindi. Julai 1940 Waingereza waliiacha Moyale, na Agosti majeshi yake yakaitwaa Somalia ya Kiingereza. Huo ndio uliokuwa upeo. Februari 1941 jeshi la Jenerali Alan Cunningham lilitoka Kenya, likauvuka Mto Juba, likaingia Kismayu tarehe 14 na Mogadishu tarehe 25. Harar iliangukia mikononi mwake tarehe 26 Machi. Kaskazini, huko Eritrea, Waitalia na askari wao wa Kieritrea walipigana kwa uhodari mkubwa katika milima ya Keren kwa muda unaokaribia miezi miwili, lakini tarehe 27 Machi Keren nayo ikaanguka. Ndege za Duke zilikuwa karibu zimekwisha. Zilizopigwa zikiwa chini, uwanjani, zilikuwa nyingi.

Ndipo lilipotokea tukio linalotajwa na wote wamsifuo. Addis Ababa ilikuwa na maelfu ya raia wa Kiitaliano, wanawake na watoto kwa wanaume, na hofu ilikuwa kwamba Waethiopia wangelipiza kisasi cha mwaka 1937. Duke alikubali mji usipiganiwe, akaondoka, na akawapelekea majemadari wa Kiingereza shukrani zake kwa hatua walizochukua kuwalinda raia hao. Majeshi yaliingia mjini tarehe 6 Aprili. Mfalme Haile Selassie aliingia tarehe 5 Mei, miaka mitano kamili tangu Waitalia walipouteka mji huo, akawataka watu wake wasilipize kisasi. Ulinzi huo wa raia ulikuwa jambo jema, na hakuna haja ya kulipunguza. Lakini anayepima uungwana wa siku hizo hana budi kuona kwamba aliyetakiwa kusamehe zaidi, na ambaye alisamehe, alikuwa Mwethiopia wa Addis Ababa aliyewazika watu wake miaka minne kabla.

Duke alijiondoa kuelekea kaskazini, akafanya ngome yake ya mwisho Amba Alagi, mlima unaozidi mita 3,000. Mahali hapo palikuwa na kumbukumbu chungu kwa Waitalia. Desemba 1895 kikosi cha Meja Toselli kiliangamizwa hapo na Waethiopia, miongoni mwa viongozi wao akiwemo Ras Makonnen, babake Haile Selassie. Sasa Wahindi wa Divisheni ya Tano walipanda kutoka kaskazini, brigedi ya Afrika Kusini ikaja kutoka kusini, na wazalendo wa Tigrai wakiongozwa na Ras Seyoum wakaziba mapengo. Bomu la mzinga lilipasua hifadhi ya mafuta, nayo mafuta yakavuja na kuyachafua maji ya kunywa. Jenerali Volpini wa jeshi la anga, aliyetumwa kwenda kuzungumzia masharti, aliuawa njiani na wapiganaji wa Kiethiopia. Majeruhi walikuwa wengi na dawa hazikuwapo.

Masharti yalikubaliwa. Duke aliahidi kwamba silaha na maghala yangekabidhiwa bila kuharibiwa, na Waingereza wakaahidi heshima za kijeshi. Tarehe 19 Mei 1941 wanajeshi wake walishuka mlimani, wakapita mbele ya gwaride la heshima, kisha wakaweka silaha chini. Siku hiyohiyo, mbali kusini katika eneo la maziwa ya Ethiopia, Sajini Nigel Leakey wa KAR, mzaliwa wa Kenya, aliuawa mahali paitwapo Colito akivikabili vifaru vya Kiitaliano kwa mikono na bastola. Alitunukiwa Msalaba wa Victoria, lakini mwili wake haukupatikana kamwe. Kwa wengi vita havikuwa vimeisha. Gondar haikuanguka hadi tarehe 27 Novemba, na askari wa KAR walikuwapo.

Duke aliletwa Kenya kama mfungwa wa vita, namba 11590, akawekwa katika nyumba ya shambani iliyokuwa ya wawindaji, chini ya Kilimambogo, mlima ambao Wamaasai waliuita Ol Donyo Sabuk. Hakufungwa kwa minyororo, na alipewa heshima ya cheo chake. Alikuwa na maafisa wake wachache na wasaa wa kusoma. Mito ya Athi na Thika hukutana jirani na hapo, na mbu walikuwa wengi. Kwingineko nchini, makumi ya maelfu ya Waitalia walikaa katika kambi za Nyeri, Nanyuki, Naivasha na nyinginezo. Walitengeneza barabara na kujenga lile kanisa dogo la Mai Mahiu ambalo bado liko kwenye mteremko wa Bonde la Ufa. Watatu kati yao walitoroka kambi ya Nanyuki Januari 1943 ili tu waupande Mlima Kenya, kisha wakarudi wenyewe kambini, kituko ambacho mmoja wao, Felice Benuzzi, alikiandikia kitabu mashuhuri.

Afya ya Duke ilizorota upesi. Malaria ilimshika, na kifua kikuu kikaongezeka juu yake. Alihamishiwa hospitali ya kijeshi Nairobi, lakini ugonjwa ulikuwa umekwenda mbali. Alifariki tarehe 3 Machi 1942 akiwa na umri wa miaka 43. Waingereza walimzika kwa heshima zote za kijeshi. Kwa kuwa hakuwa na mwana wa kiume, cheo cha Duke wa Aosta kilimwendea ndugu yake Aimone, ambaye kwa wakati huo Mussolini na washirika wake walikuwa wamemtangaza kuwa mfalme wa Kroatia, ufalme ambao hakuwahi kwenda kuukalia. Mkewe Anne aliishi ujane wake hadi mwaka 1986.

Utawala wa Kifashisti ulikitumia kifo hicho kwa propaganda. Ukapatikana shujaa safi katika vita vilivyokuwa vinaenda vibaya. Baada ya vita, Italia mpya nayo ilimhitaji kwa sababu nyingine: alikuwa ushahidi kwamba si wakoloni wote walikuwa kina Graziani. Hivyo ndivyo sifa yake ilivyonusurika katika mabadiliko ya serikali, kwa kuwa kila upande ulikuwa na haja nayo. Waethiopia ndio ambao hawakuulizwa.

Alikuwa ametaka kulala pamoja na askari wake, na ombi hilo lilitimizwa. Kanisa la ukumbusho la Nyeri lilikamilika mwaka 1952, likakusanya mabaki ya Waitalia zaidi ya 600 waliofia Kenya, yakawekwa ndani ya kuta zake. Kaburi la Duke liko humo, miongoni mwao. Kila mwaka, mwezi Novemba, ibada ya kumbukumbu hufanywa hapo. Askari wa KAR waliokufa katika vita hivyohivyo bila kaburi kujulikana wameandikwa majina yao Nairobi, kwenye makaburi ya vita yaliyo Barabara ya Ngong, na miongoni mwao wamo vijana waliopanda malori yaliyopita Kilimambogo kuelekea Garissa miezi kadhaa kabla ya Duke kuletwa hapo.